Manjano: kabla hujaandika "inatibu" kwenye pakiti, soma hapa



Swali ninaloletewa sana ni hili: "Afisa, manjano yanalipa? Nasikia yanatibu." Kulipa yanaweza kulipa. Ila hela yako iko kwenye usafi na ubora, siyo kwenye neno "inatibu". Tuone kwanza dawa ya mimea inapimwaje, halafu turudi shambani.

Walivyopima kwa wanajeshi wastaafu

Baada ya Vita ya Ghuba ya 1990–1991, askari wengi wa Marekani walibaki na ugonjwa usioisha: uchovu, maumivu ya misuli na viungo, kusahausahau, tumbo kusumbua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama, mjini Birmingham, wakaamua kupima mimea tisa. Sehemu moja ya kazi hiyo ilichapishwa 2021. Ilihusu wanaume 20 na mimea mitatu: kurkumini (ile kemikali ya njano iliyomo kwenye manjano), utomvu wa mti wa jamii ya ubani, na gome la msonobari.

Utaratibu ulikuwa huu:

- Siku kama 30 mgonjwa hapewi kitu, anaandika tu hali yake.
- Siku 30 anapewa kidonge kisicho na dawa ndani.
- Siku 30 dozi ndogo.
- Siku 30 dozi kubwa.

Akimaliza, anaanza upya na mmea mwingine. Kwa nini kidonge kitupu? Kwa sababu mtu akiamini anatibiwa, mara nyingi hujisikia nafuu hata kama hajameza dawa. Bila kulinganisha, huwezi kujua kilichomsaidia ni mmea au ni imani.

Matokeo: kurkumini ilipunguza dalili kuliko kidonge kitupu, kwa dozi zote mbili. Msonobari ulisaidia kwa dozi kubwa tu. Ubani haukusaidia. Na watafiti wenyewe wakasema huo ni ushahidi wa mwanzo tu, unahitaji tafiti zaidi.

Usichukue jibu hilo ukalibandika kwenye pakiti yako

Kwanza, walipima ugonjwa mmoja kwa watu 20. Hawakupima sukari wala presha. Pili, walitumia vidonge vya kipimo maalumu. Unga wa manjano una kurkumini kama asilimia 3 tu, yaani gramu 100 za unga zina kama gramu 3.

Sasa mfikirie mteja wako. Mzee aliyepigana Vita ya Kagera 1978–1979 leo amepita miaka sitini, na huenda ana sukari au presha. Akisoma "inatibu sukari" akaacha dawa za hospitali, anaweza kupoteza mguu, macho au maisha. Mnakumbuka kikombe cha Loliondo, 2011? Wapo waliokunywa wakaacha dawa zao. Tena vidonge vya kurkumini vinaweza kugongana na dawa za kuzuia damu kuganda. Mzee akikuuliza, mwambie: "Shikamoo mzee, hiki ni kiungo cha mboga. Dawa zako usiziache, na ukitaka kutumia vidonge muulize daktari."

Kazi yako wewe mkulima

1. *Shamba.* Panda masika yanapoanza, kwenye udongo usiotuamisha maji. Kivuli chepesi cha minazi au migomba hakina shida. Weka matandazo, maana Juni hadi Oktoba kwetu ni kukavu.
2. *Kuvuna.* Subiri miezi 8 hadi 10, majani yawe ya njano na kukauka.
3. *Kuchemsha na kukausha.* Osha vizuri, chemsha mpaka yalainike, anika juu ya kichanja au turubai safi, siyo chini. Yakiwa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu.
4. *Kusaga.* Usiongeze rangi hata kidogo. Bangladesh, watafiti walionyesha 2019 kwamba wasindikaji walipaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Risasi huharibu ubongo, hasa wa watoto.
5. *Kumbukumbu.* Andika shamba, tarehe ya kuvuna na namba ya mzigo. Mnunuzi mkubwa atakuuliza.
6. *Lebo.* Ukiuza kama kiungo, hicho ni chakula: nenda TBS. Ukitaka kuuza kama dawa ya asili, kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya 2002. Usikurupuke katikati.

Zoezi la wiki hii

Chukua pakiti yoyote ya unga wa mimea dukani. Soma lebo, jiulize: imepimwa kwa watu wangapi, ikilinganishwa na nini, kwa ugonjwa gani? Kama hakuna jibu, hayo ni maneno ya biashara. Kisha angalia lebo yako wewe. Kama ina neno "inatibu", lifute kabla ya kupeleka mzigo sokoni.