Kuchagua Oili ya Foku ya Baiskeli ya Milimani

Baiskeli ya milimani ilizaliwa California, Marekani, katika miaka ya 1970. Hapo mwanzo haikuwa na springi. Mikono ya mwendeshaji ndiyo iliyopokea kila pigo la jiwe. Katika miaka ya 1990 foku ya mbele yenye springi ilienea, na pamoja nayo likaja swali ambalo fundi hulikuta kila anapoifungua: aitie oili gani? Swali hili hudhaniwa kuwa la muuza duka, kumbe ni la fizikia.

Yafaa tutambue kwanza kwamba katika foku nyingi oili hufanya kazi mbili zisizofanana. Ndani ya mguu mmoja mna pistoni yenye vitundu. Foku inapobonyea na kurudi, pistoni huilazimisha oili ipite katika vitundu hivyo, na sehemu ya nishati ambayo springi ingeirudisha hugeuka kuwa joto. Oili ikiwa nyepesi mno, springi hufyatuka na gurudumu huruka juu, nalo jambo hili hutokea mteremkoni, mahali ambapo kuanguka si mzaha. Ikiwa nzito mno, foku haiwahi kurudi kabla ya jiwe linalofuata; huzama pigo baada ya pigo mpaka ikakosa nafasi ya kubonyea. Kazi ya pili ni ya mililita chache zilizo chini, ndani ya mirija ya nje. Hizi hulowesha bushi na sili ili kupunguza msuguano, na kwa kawaida huwa oili nzito zaidi, ipate kushikamana na chuma.

Sifa inayohusika hapa ni mnato, yaani ukinzani wa kiowevu dhidi ya kutiririka. Chupa za dukani huandikwa 5, 10 au 15, na mnunuzi hudhani namba hiyo ni kipimo thabiti kama kilo au lita. Sivyo. Namba 5 ya mtengenezaji mmoja si lazima ilingane na namba 5 ya mwingine. Kipimo cha kuaminika ni sentistoki, kilichopewa jina la mwanafizikia George Gabriel Stokes (1819–1903), nacho hutajwa pamoja na halijoto, mara nyingi nyuzi 40 za Sentigredi. Maji ya nyuzi 20 yana sentistoki 1 hivi. Oili ya kawaida ya madini yenye sentistoki 32 katika nyuzi 40 hushuka hadi 5 hivi katika nyuzi 100, na katika asubuhi ya nyuzi 20 mnato wake huzidi maradufu.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili kwa bomba la sindano lisilo na sindano wala kisukumio. Zibeni mdomo kwa kidole, mimineni mililita 20 za oili, achieni, mhesabu sekunde mpaka iishe. Rudieni baada ya kuipasha oili katika maji ya moto. Matokeo hayatoi sentistoki kamili, lakini yatosha kulinganisha chupa mbili.

Oili ya breki ya aina ya glikoli isitiwe kamwe: huharibu sili za mpira wa nitraili zilizo katika foku nyingi.

Kuzidisha nako kuna hatari yake. Tuseme mrija wa nje una hewa ya sentimita za ujazo 100, na foku ikibonyea kabisa hubaki 40. Kwa kanuni ya Boyle, kanieneo huongezeka mara 2.5. Tukiongeza oili ya sentimita 20 zisizohitajika, hewa ni 80 na hubaki 20. Kanieneo huongezeka mara 4, foku hugoma kabla ya kufika mwisho, na sili yaweza kusukumwa nje. Kwa hiyo pima mililita kwa bomba, ukifuata kitabu cha mtengenezaji kwa kila mguu peke yake, maana mara nyingi mguu wa kulia na wa kushoto havipewi kiasi kimoja.