SOMO LETU: HUNA WAKILI? SIMAMA USEME

Ndugu wasomaji, leo tujifunze habari za mahakama. Wengi wetu tukiletewa samansi tunatetemeka. Tunasema, "Sina wakili, nitashindwa tu." Sivyo hivyo!

Tuchukue mfano. Mkulima wa Katumba amemkopesha mwenzake magunia 6 ya mahindi. Mavuno yamepita, halipwi. Anaweza kwenda mwenyewe Mahakama ya Mwanzo kufungua shauri la madai. Mdaiwa naye anaweza kujitetea mwenyewe.

Katiba yetu ya mwaka 1977 inasemaje? Ibara ya 13 inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Inakataza kumbagua mtu kwa kabila lake au mahali alikotoka. Jambo hili linatugusa sisi wa Katumba. Wazee wengi hapa walikimbia Burundi mwaka 1972, na wengi walipewa vyeti vya uraia kuanzia mwaka 2014. Mahakamani hakuna raia mpya na raia wa zamani. Kuna mdai, mdaiwa na ushahidi.

Basi tushike haki hizi:

1. Kusikilizwa kwa ukamilifu. Eleza madai yako, leta mashahidi, waulize maswali mashahidi wa mwenzako. Kama Kiswahili hukijui vizuri, omba mkalimani.

2. Kutocheleweshewa haki bila sababu ya msingi. Iko katika Ibara ya 107A. Ibara hiyo pia inataka mahakama isifungwe mno na masharti ya kifundi.

3. Kukata rufaa. Hukuridhika? Nenda Mahakama ya Wilaya kabla siku 30 hazijaisha. Omba nakala ya hukumu mapema.

Ukiwa mgonjwa au mzee, katika shauri la madai unaweza kuomba ndugu yako aruhusiwe kukusimamia Mahakama ya Mwanzo. Wako pia wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Lakini haki ina wajibu wake. Samansi usiitupe! Usipofika, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Tena, mkikopeshana, andikianeni mbele ya mashahidi. Kalamu tumeshajua kuishika, tuitumie.

Maswali ya kujadili:
(a) Rufaa hukatwa ndani ya siku ngapi?
(b) Deni lisiloandikwa lina hatari gani?