Fumbo la Sarafu: Vidokezo 8 vya Kuandika Mlinganyo Sahihi

Mtoto wa wilaya ya Kyela, Tanzania, huanza hesabu za sarafu mapema. Anatumwa dukani Ipinda na kurudi na chenji, au anakaa na mama yake mezani pa usipa, wale samaki wadogo, kule Matema na kuwarudishia wateja salio bila kukosea. Lakini fumbo hilo hilo likiandikwa ubaoni, anakwama. Mara nyingi kinachomkwamisha ni kuchanganya idadi ya sarafu na thamani yake. Wazazi, walimu na wanafunzi, tulifungue fumbo hili pamoja:

*Muuza usipa ana sarafu 30, za shilingi 200 na za shilingi 500. Jumla ya fedha ni shilingi 9,600. Ana sarafu ngapi za kila aina?*

1. Anza na swali, si namba. Soma mpaka mwisho, kisha pigia mstari kinachotafutwa. Hapa tunatafuta sarafu ngapi, wala si shilingi ngapi. Thamani tayari tumepewa.

2. Ipe herufi maana kamili. Sarafu ya 500, iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014, ina picha ya nyati. Ile ya 200 ina simba. Basi tumia *n* na *s*, hutasahau. Ila andika wazi: *n* ni idadi ya sarafu za 500, *s* ni idadi ya sarafu za 200. Ukiandika "n = sarafu ya 500" umeshapotea njia, kwa sababu herufi inasimama badala ya namba, si badala ya kitu.

3. Andika milinganyo miwili, kila mmoja na kazi yake. Wa kwanza ni wa idadi: *n + s = 30*. Wa pili ni wa thamani: *500n + 200s = 9,600*. Kisha kagua pande zote mbili: kama kushoto ni sarafu, kulia ziwe sarafu, kama kushoto ni shilingi, kulia ziwe shilingi. Ukiona umeandika *n + s = 9,600*, futa mara moja.

4. Punguza sifuri. Gawanya mlinganyo wa thamani kwa 100, upate *5n + 2s = 96*. Sarafu zetu za 50, 100, 200 na 500 zote zinagawanyika kwa 50, kwa hiyo karibu kila fumbo la sarafu linaweza kupunguzwa hivi, kwa 100 au kwa 50. Namba ndogo hupunguza makosa.

5. Heshimu mabano. Kwa kuwa *s = 30 − n*, tunaandika *5n + 2(30 − n) = 96*. Ile 2 inazidisha vyote vilivyomo ndani ya mabano: *5n + 60 − 2n = 96*. Hivyo *3n = 36*, na *n = 12*. Za 500 ni 12, za 200 ni 18. Wanaoandika *60 − n* ndio wanaokosa alama hapa.

6. Chunga "zimezidi" na "mara". Tuseme sarafu za 100 zimezidi za 200 kwa 6, na jumla ni shilingi 3,000. Jiulize zipi ni chache: ni za 200. Ziite *s*, basi za 100 ni *s + 6*. Mlinganyo ni *200s + 100(s + 6) = 3,000*, na *s = 8*. Kama fumbo lingesema za 100 ni mara mbili ya za 200, tungeandika *2s*. "Zimezidi kwa" hujumlisha, "mara" huzidisha.

7. Fedha moja kwa mlinganyo mmoja. Kasumulu, mpakani na Malawi, shilingi hukutana na kwacha. Fumbo likiwa na zote mbili, badili kwanza ziwe fedha ya aina moja kwa kiwango ulichopewa. Fanya vivyo hivyo kwa shilingi na senti katika vitabu vya zamani: shilingi 1 ni senti 100.

8. Hakiki kwa njia nyingine. 12 × 500 ni 6,000, 18 × 200 ni 3,600, jumla 9,600. Sasa jaribu bila herufi: kama sarafu zote 30 zingekuwa za 200, tungepata 6,000. Zimepungua 3,600 kufikia 9,600. Kila ukitoa ya 200 na kuweka ya 500, unaongeza 300. Gawanya 3,600 kwa 300, unapata 12. Na kumbuka, hakuna nusu sarafu: ukipata desimali, rudi kwenye mlinganyo wako.

Mzazi, leo jioni ficha sarafu chache za aina mbili mkononi. Mwambie mtoto aina za sarafu, idadi yake na jumla ya fedha, mpe karatasi, na umwache aandike milinganyo miwili mwenyewe. Usimpe jibu, muulize tu, "Hapa umehesabu sarafu au shilingi?"