Somo: Kulia mbele ya Mungu

Wapendwa, tusome Zaburi ya 13. Mwenye kuomba hafichi uchungu. Anamlalamikia Mungu waziwazi. Sisi wa Kisangani tuna mengi ya kumlilia. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana mjini mwetu. Mabomu zaidi ya 6,000 yalianguka, mamia ya raia wakafa. Tena tangu 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umekimbiza familia nyingi kutoka Lubunga.

Tunapoomba pamoja, kila mmoja ataje marehemu wake. Kisha, na hapa ndipo pagumu, tuwaombee waliofiwa wa upande wa pili, maana Yesu aliagiza tuwaombee adui zetu. Asiyeweza leo anyamaze, tusimlazimishe. Ninyi viongozi, msianze kwa kuhubiri msamaha. Waacheni watu walie kwanza.