SOMO: KUFELI KARATASI MOJA SI KUFELI UHASIBU



Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa 1994. Tangu amri ya 2023 ya kuwarudisha wakimbizi kambini, hata safari ya Lilongwe ni shida. Kijana wa huko akifeli mtihani wa uhasibu hufunga vitabu. Asifunge.

Katika mitihani ya ACCA, alama ya kufaulu ni 50. Aliyepata 48 amefeli karatasi hiyo tu. Alizofaulu hazifutwi kwa sababu yake. Vikao ni vinne kwa mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Katika karatasi ya ukaguzi wa hesabu, mara nyingi wanaofeli ni zaidi ya nusu.

Afanye nini?

1. Arudie maswali ya zamani kwa saa. Alishindwa hesabu, au muda ulimwishia?

2. Asome na wenzake. Waelezane kwa Kiswahili, kisha waandike majibu kwa Kiingereza cha mtihani.

3. Atunze daftari la kikundi cha akiba. Mkono usilale.

Ndugu, chama kisicho na msoma mizania humeza kila tarakimu ya mwajiri. Tunawahitaji vijana hawa.

Swali la kujadili tawini: Nani kwetu aliacha masomo baada ya kufeli? Tumsaidieje arudi?