Kioo Kimekwama, Betri Imejaa: Somo la Dirisha la Gari la Umeme

Mwaka huu chama chetu kilituomba tuandike makala zenye mafunzo, si mashairi ya mapenzi na insha za "Siku Nitakayoikumbuka" peke yake. Nami nikajiuliza: je, Kiswahili chetu kinaweza kueleza ufundi wa gari la umeme bila kuchechemea? Jibu utalitoa mwenyewe ukifika mwisho. Kalamu iweke karibu, kwa maana kuna zoezi.

KISA CHENYEWE

Ilikuwa likizo ya Aprili mwaka 2024. Nani asiyeikumbuka mvua ile? Nairobi ilifurika, na hata kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa. Nilikuwa kidato cha tatu, nikikaa kwa mjomba wangu ambaye ni dereva wa teksi. Mjomba alikuwa amenunua kwa mkopo gari la umeme lililotumika Japani. Kila Ijumaa, mvua inyeshe isinyeshe, alitakiwa kulipa sehemu ya deni.

Jioni moja abiria aliteremsha kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kushoto, ili amuage mwenzake. Kioo kikashuka vizuri. Kupanda, kikakataa katakata. Mjomba alibandika kipande cha turubai, lakini ni abiria gani atakubali kuketi kando ya turubai linalovuja ilhali magari mengine yapo? Wengi walichungulia, wakaguna, wakaenda zao.

Fundi wa kwanza alibonyeza swichi mara moja, akapima umeme kwa mita, akasema, "Mota imekufa. Leta elfu kumi na nane." Wa pili alitutia hofu zaidi. Ati magari haya ya stima, betri kubwa ikianza kuchoka, vitu vidogo ndivyo hufa kwanza. Usiku huo mjomba hakulala. Bei ya betri kubwa unaijua? Hiyo ndiyo roho ya gari lenyewe!

Asubuhi jirani yetu, mzee mmoja aliyefanya kazi ya jua kali miaka mingi, alisikia masaibu yetu. Akasema, "Kijana wangu, shika daftari. Leo tutaliuliza gari maswali, moja baada ya jingine. Likijibu, uandike."

MSINGI WA MAMBO

Kabla ya kugusa chochote mzee alinifunza jambo ambalo fundi wa pili hakulijua. Gari la umeme lina betri mbili. Kubwa ina mamia ya volti, nayo huzungusha magurudumu. Ndogo ni ya volti 12, kama ile ya gari la petroli, na hiyo ndiyo inayolisha taa, honi, redio, wipa, kufuli za milango na vioo vya madirisha. Katika gari la petroli betri ndogo huchajiwa na alteneta. Katika gari la umeme kipo kifaa kiitwacho konveta, ambacho huchukua umeme wa betri kubwa, kikapunguza volti zake na kuilisha ndogo.

Kwa hivyo betri kubwa yaweza kuwa imejaa pomoni na gari likakataa hata kuamka, kwa sababu ndogo imeishiwa. Wala betri kubwa kuzeeka hakuwezi kukwamisha kioo kimoja na kuviacha vingine vitatu vikicheza.

Je, kioo hupandaje? Ndani ya mlango kuna mota ndogo yenye nyaya mbili. Ukibonyeza juu, umeme huingia kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Ukibonyeza chini, swichi hugeuza njia, umeme ukaingia kule ulikotokea. Mota nayo hugeuka na kuzunguka upande wa pili. Mota huvuta kebo au mkono wa chuma, na kioo hupanda kwenye reli zake. Hakuna uganga hapo.

MASWALI SITA

Swali la kwanza: ni kioo kimoja au vyote? Vikizubaa vyote, shuku betri ndogo, fyuzi kuu au rilei. Betri ndogo ya asidi iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6, na gari likiwashwa husoma 13 na zaidi kwa sababu konveta inaichaji. Kikikataa kimoja tu, tatizo limo katika njia yake mwenyewe. Chetu kilikuwa kimoja. Mjomba alishusha pumzi. Betri zote mbili zikaachiliwa huru.

Swali la pili: je, dereva amefunga swichi za abiria? Mlangoni kwa dereva kipo kitufe cha kuzuia watoto wasichezee madirisha. Usicheke, wapo watu waliolipa fundi kwa sababu ya kitufe hicho! Lakini kikifungwa, swichi ya dereva huendelea kufanya kazi. Yetu haikufanya kazi hata kwa dereva.

Swali la tatu: unasikia nini? Mota ikivuma na kioo kisisogee, kebo au reli imevunjika. Ikilia "tk!" kisha ikanyamaza, huenda imekwama au umeme wake ni dhaifu. Kukiwa kimya kabisa, ama umeme haufiki ama mota imekufa. Kwetu kulikuwa kimya kama makaburini.

Swali la nne: fyuzi ni nzima? Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, lakini namba husomeka popote. Fyuzi bapa ya ampea 20 ni ya manjano, ya 30 ni ya kijani. Ikiungua, weka ya namba ile ile. Ukiweka kubwa zaidi au kipande cha waya, utaunguza nyaya badala ya fyuzi. Yetu ilikuwa nzima.

Swali la tano: swichi je? Swichi za milango miwili ya nyuma zilikuwa za aina moja, basi tukazibadilishana. Iliyotoka kushoto ikafanya kazi kulia. Ya kulia ikashindwa kushoto. Swichi nayo ikatoka lawamani.

Swali la sita: umeme unafika kwenye mota? Tulifungua ubao wa ndani wa mlango, tukachomoa plagi ya mota, tukaweka mita. Mjomba akabonyeza. Volti 12! Akabonyeza upande wa pili. Volti 12 tena, zenye alama ya kutoa.

Mjomba alikunja uso. "Basi yule fundi alisema kweli. Umeme upo, mota ndiyo imekufa." Akaanza kuhesabu pesa za mkopo wa Ijumaa ili akanunue mota.

"Ngoja kwanza," mzee akamzuia. "Hatujaiuliza mota yenyewe."

MITA HAIKUSEMA UONGO

Mzee alitoa betri nyingine ya volti 12 aliyokuwa nayo, akaunganisha nyaya mbili zenye fyuzi moja kwa moja hadi kwenye mota. Vuuum! Kioo kikapanda hadi juu kama kwamba hakijawahi kuugua. Akageuza nyaya, kikashuka. Kumbe mota ilikuwa hai!

Nilichanganyikiwa. Umeme upo, mota ni nzima, kwa nini basi haifanyi kazi? Mzee akanirudishia swali, "Bomba la maji likiwa na tope ndani, na mfereji umefungwa, nguvu ya maji hapo mferejini ni kiasi gani?"

"Kamili," nikajibu, "maana maji hayatembei."

"Na ukifungua mfereji?"

Hapo ndipo akili ilinifunguka. Tulikuwa tumepima huku plagi imechomolewa. Hakuna mkondo uliokuwa ukipita, kwa hivyo kizuizi kilichokuwa njiani hakikuonekana. Tulirudisha plagi, tukagusisha mita nyuma yake, na mjomba akabonyeza. Zile 12 zikaporomoka hadi 2 na ushei. Volti 10 hivi zilikuwa zikipotelea njiani! Ndugu zangu wa fizikia, si hii ndiyo kanuni ya Ohm tunayoikariri? Mkondo ukipita penye ukinzani, volti hupotea hapo hapo. Tunaikariri, tunapata alama, kisha tunaiacha darasani.

Sasa tope limo wapi? Mzee alimwambia mjomba aendelee kubonyeza, naye akawa anaufungua na kuufunga mlango polepole. Mlango ukiwa wazi kabisa, kimya. Ulipofika nusu, kioo kikasogea inchi mbili! Hapo tulijua. Kati ya mlango na bodi ya gari kuna kipira chenye mikunjo ambacho nyaya hupitia. Tulikivuta taratibu, na ndani yake tukauona waya mmoja umepasuka ganda, nyuzi zake zimekatika na kubaki mbili tatu tu, zenye kutu ya kijani.

Kwa nini mlango ule? Fikiria. Sisi huendesha upande wa kushoto wa barabara, na abiria wa teksi hupandia na kushukia kando ya barabara. Mlango wa nyuma wa kushoto hufunguliwa mara nyingi kuliko ule wa kulia, na kila ukifunguliwa waya hujikunja. Mvua ya mwaka ule ikamalizia kazi.

Tulitenganisha ncha ya kutoa ya betri ndogo, tukakata sehemu mbovu, tukaunga kipande cha waya laini wenye unene ule ule kwa kulehemu, tukavisha kipira kinachonywea kikipata joto. Maungo tuliyaweka mbali na pale panapojikunja. Kuzungushia utepe peke yake kungedumu wiki mbili tu, mzee alisema. Waya na risasi ya kulehemu vilitugharimu shilingi mia tatu. Mzee alipewa haki yake, na bado elfu kumi na tano na zaidi zikabaki mfukoni. Ijumaa mjomba alilipa deni bila kukopa kwa jirani.

Baada ya kurudisha betri, kioo cha dereva kilikataa kupanda chenyewe kwa mguso mmoja. Usishtuke ukiona hivyo. Betri ikitenganishwa, baadhi ya magari husahau mwisho wa kioo uko wapi. Katika mengi yake hutakiwa kubonyeza juu mpaka kioo kifunge, kisha uendelee kushikilia kwa sekunde chache.

TAHADHARI

Nyaya za rangi ya machungwa katika gari la umeme usiziguse hata kwa kidole. Hizo ni za betri kubwa, nazo huua. Plagi za manjano za mifuko ya hewa ya usalama pia ziache zilivyo. Na watoto wasiwe garini wakati vioo vinajaribiwa, maana si kila dirisha hujirudisha likikuta kidole au shingo.

ZOEZI

1. Vioo vyote vinne vinapanda polepole na taa za ndani ni hafifu. Utaanza kukagua nini, na kwa nini si betri kubwa?
2. Mota inavuma lakini kioo hakisogei. Je, kununua swichi mpya kutasaidia?
3. Mita inasoma volti 12 plagi ikiwa imechomolewa, na volti 12 ikiwa imechomekwa huku swichi imebonyezwa, lakini mota imenyamaza. Sasa nani mwenye makosa?

Swali la tatu lijibu kwa makini, kwa sababu hapo ndipo fundi wa kwanza angekuwa na haki ya kudai elfu zake kumi na nane. Wahenga walisema asiyeuliza hana ajifunzalo. Mimi naongeza kwamba anayeuliza mapema mno, kabla mkondo haujapita, naye huuziwa mota asiyoihitaji.

Kwaherini, tukutane chamani Jumatano.