Je, Aliyekana Imani Aweza Kurudi?

Swali hili tunaloulizana shuleni si jipya. Liliulizwa zamani sana, tena katika bara letu la Afrika.

Katika mwaka wa 250 Kaisari Decius wa Roma aliamuru watu watoe sadaka kwa miungu, na kila aliyetoa alipewa cheti. Huko Carthage, mji ambao magofu yake yako Tunisia, Wakristo wengi walishindwa na hofu. Wengine walitoa sadaka. Wengine walinunua cheti tu. Baadaye wakaomba kurudi.

Watu walitofautiana. Wengine walitaka wapokewe mara moja. Novatian, kasisi wa Roma, alishika kwamba Kanisa lisiwapokee kamwe. Askofu Cyprian wa Carthage hakukubali yote mawili. Katika mwaka wa 251 maaskofu walikutana huko, wakaamua kwamba walionunua cheti wapokewe baada ya kuchunguzwa mmoja mmoja. Bali waliotoa sadaka wadumu katika toba, wapokewe wakikaribia kufa. Haukupita muda mrefu, mateso mengine yakanyemelea. Basi wote waliodumu katika toba wakapokewa, ili wapate nguvu.

Hapo ndipo ninapoiona neema. Toba haikuachwa, lakini wanyonge hawakungojewa washinde kwanza, bali walipokewa ili waweze kushinda. Hata kondoo aliyepotea hubebwa mabegani kwa sababu amechoka.

Basi, wenzangu, mwenzetu akianguka kisha akageuka kurudi, tusimfungie mlango ambao Mungu ameufungua.